Mikono Niliyoiandika Sawa

Kosa nililolifanya mwanzoni, na ninalitaja kwanza ili nisipate nafasi ya kulizunguka, ni hili: nilitazama vidole vya rafiki yangu Okello, nikaona vimepauka, nikampa mafuta ya kujipaka. Kisha nikaandika kwenye fomu, mbele ya jina lake, "mikono sawa."

Ninyi mnaokuja sasa kufanya kazi kwenye maghala ya baridi hapa Doha mtaniuliza ubaya uko wapi. Mtu akipauka hupakwa mafuta. Mama yangu kule Kitale hakumruhusu mtoto kutoka nje ya mlango magoti yakiwa meupe. Angekuita urudi mbele ya wenzako. Sisi sote tulilelewa hivyo, na ndiyo sababu ninawaandikia ninyi hasa.

Nijieleze. Naitwa Simiyu, nina miaka thelathini na miwili, na nimestaafu. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Lakini kwenye friza miaka saba ni utumishi mrefu. Mikono yangu sasa haivumilii hata chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Vidole vinakufa ganzi papo hapo na kubaki hivyo hadi niviweke kwapani. Siku hizi natunza mafaili katika zahanati moja ndogo ya mtaa wa Najma, ghorofani juu ya duka la simu. Watu wapya wanapoanza kazi ghalani huwa naitwa niwaeleze machache, nami husimama mbele yao nikitokwa jasho, nikasahau nusu. Kuandika ni afadhali. Kwenye karatasi hakuna anayeniona nikitetemeka.

Friza yetu iko Sanaiya, yaani eneo la viwanda, karibu na kambi tulimokuwa tunalala. Mwezi wa saba joto la nje linapita digrii arubaini na tano. Ndani ni ishirini na tano chini ya sifuri. Kati ya hali hizo mbili kuna chumba kidogo cha kuvalia, mlango mnene na pazia la vipande vya plastiki. Unashuka kwenye basi la kampuni shati limekushika mgongoni kwa jasho, unavaa koti lenye ukubwa wa godoro, na baada ya hatua kumi uko kwenye nchi nyingine, unapanga maboksi ya kuku na njegere juu ya paleti.

Mimi ni mwoga, na sikuanzia Doha. Tangu shuleni nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani kuhakikisha nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo ndani ya chumba ambacho mlango wake ukikwama unakufa. Ukutani kuna kitufe cha kijani cha kuufungua ukiwa ndani. Kila nilipoingia nilikibonyeza mara tatu. Okello alikuwa anahesabu kwa sauti, wenzetu wakisikia: "Moja. Mbili. Tatu. Haya, ssebo, bwana wangu, mlango umekubali. Tufanye kazi."

Okello ni Mganda wa Tororo, karibu kabisa na mpaka, na Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori. Ghalani alikuwa mbeba maboksi kama sisi, lakini kwa moyo wake alikuwa kinyozi. Kila Ijumaa aliweka kiti cha plastiki kwenye ngazi za kambi, akakufunga shuka shingoni, na ulipoinuka ulikuwa mtu wa kupigwa picha. Mwaka ule mwenye duka moja la kunyolea huko Al Wakrah alikuwa amemwahidi kiti mkataba wake ukiisha. Ilibaki miezi mitano. Alikitaja kile kiti kila siku, jinsi kinavyozunguka na kinavyolala nyuma kwa mteja wa ndevu. Sisi tulimwita Mume wa Kiti. Mimi aliniita Daktari wa Friji.

Jina hilo lilitokana na simu yangu. Wiki ya kwanza niliogopa kiasi cha kukosa usingizi, na mtu asiyelala husoma. Nilitafuta yale yanayompata binadamu akifanya kazi kwenye baridi kali. Sikupata maandishi yoyote juu ya Mkenya ndani ya friza ya kuku Doha. Nilichopata kwa wingi ni maandishi ya watu waliochunguza afya ya wale wanaoishi kwenye ncha za dunia, kwenye vituo vya barafu ambako jua linapotea kwa miezi. Wamechunguza kila kitu: jinsi wanavyolala, wanavyokula, wanavyogombana, vidole vinavyopoteza wepesi kabla mwenyewe hajajua. Nilisoma kwa kamusi, sentensi moja mara tano. Sikuwa na mwalimu. Lakini nilipofika mahali panaposema kwamba jasho ni adui mkubwa kwenye barafu kuliko upepo, niliinuka kitandani. Sisi tulikuwa tunaingia na jasho kila siku.

Basi hilo ndilo la kwanza la kuchukua kwangu. Beba shati la pili. Ukishuka kwenye basi, vua la jasho, simama chini ya feni hadi mgongo ukauke, ndipo uvae lile kavu na koti juu yake. Wenzako watakwambia unaringa. Mimi niliambiwa naenda harusini. Glavu nazo ni mbili, nyembamba ndani na nene nje, na ile ya ndani ikilowa ibadilishe hata kama supavaiza anapiga kelele. Kelele huisha.

La pili linahusu kichwa. Watu wa vituo vya barafu wameandika kwamba siku ngumu mara nyingi si za mwanzo wala za mwisho. Mtu huzidiwa akishapita nusu, pale anapogundua kwamba alichokimaliza ni sawa na kilichobaki. Wanasema hata macho hubadilika, mtu anatazama mbali pasipo kitu. Nilisoma hilo nikadhani haliwezi kunifika mimi ninayetoka nje kila saa na kuliona jua. Mwezi wa kumi na tatu wa mkataba wangu wa miaka miwili nilisimama mbele ya maboksi ya njegere, sijui kwa muda gani, hadi Okello aliponigusa bega. Aliniuliza kama naswali au nahesabu moja moja. Nikaona aibu, kisha nikaogopa sana, kwa sababu sikukumbuka nilikuwa nafikiri nini. Kwa hiyo mkishapita nusu ya mkataba msikae peke yenu na simu. Nendeni hata mkanyolewe nywele ambazo hazijakua. Mimi nilifanya hivyo.

Nilipeleka woga wangu Najma kwa Sista Moraa. Ni nesi, Mkisii, ana umri wa kuwa mama yangu mdogo, na ndiye aliyekuwa anawapokea wafanyakazi wa kampuni yetu wakiugua. Nilikwenda na orodha ya dalili kumi na saba. Aliisoma yote akiwa amevaa miwani puani, akanipima, akasema siumwi, ninaogopa. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitoa daftari jipya mezani.

"Kama lazima uhesabu, hesabu kitu," alisema. "Vidole vya wenzako, usingizi wao, nani ameacha kula. Niletee Ijumaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo sikuisomea. Tulikuwa wanane kwenye zamu. Kila siku niliandika nani alilala vizuri, nani alinyamaza, nani aliangusha vitu, na mikono ya kila mmoja ilikuwaje. Wenzangu walinicheka wiki mbili, kisha wakaanza kuniuliza, "Leo hujaniandika?" Mtu hupenda kuandikwa.

Lakini nilikuwa na ugonjwa wa usafi. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa, nikaunakili wote upya. Ijumaa ya nne Sista Moraa aliligeuza lile daftari mbele na nyuma, akaliweka mezani kama mtu aliyeshika kitu chenye harufu.

"Hili halina kosa hata moja. Silitaki."

Nilimwambia nanakili. Hapo alinifundisha sheria ya wauguzi, nami naipitisha kwenu. Kosa kwenye rekodi ya mgonjwa halifutwi, halipakwi wino, na ukurasa hauchanwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, la kweli linaandikwa pembeni, kisha saa na sahihi yako. Alisema mgonjwa ana haki ya kujua tulikosea wapi. Niliitikia, ndiyo Sista. Nikarudi Sanaiya, nikaendelea kunakili.

Supavaiza wetu, mtu wa Kerala mwenye haraka lakini si mbaya, alisikia habari za daftari. Akanipa fomu ya kampuni: kila siku saa nne asubuhi nikague mikono na nyuso za wote wanane, niandike, nitie sahihi. Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikaanza kuogopa kwa namna mpya, kwa sababu sasa mwili wa mtu ulikuwa chini ya jina langu.

Nilijiandaa kwa kukariri. Maandishi yalisema ngozi inayoganda huanza kwa wekundu, kisha hugeuka nyeupe kama nta. Picha zilikuwa nyingi na nilizitazama hadi nikaziota: mashavu ya waridi yenye doa jeupe, vidole vya waridi vyenye ncha nyeupe. Kila siku saa nne niliwapanga wenzangu, Wakenya, Waganda na Mghana mmoja, nikatafuta wekundu, nikatafuta weupe. Nyekundu na nyeupe. Sikuviona kamwe. Nikaandika sawa, sawa, sawa, mara nane, kwa mwandiko mzuri. Na moyoni nikasema hakika kazi yangu inawalinda.

Sasa ile siku. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Rafu moja ya chuma ndani ya friza ilikuwa imelegea, Okello akaambiwa akaze nati zake. Glavu nene haishiki nati, kwa hiyo aliivua, akabaki na ile nyembamba, nayo ilikuwa na unyevu wa jasho la basi. Alishika chuma kile kwa muda mrefu. Saa nne nilifika na fomu yangu. Alivua glavu. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, zilikuwa za kijivu, hazing'ai, kama zimepakwa jivu.

Nilimtania. Nilimwambia amepauka kama mtoto aliyeogeshwa na baba. Naye akacheka, akanyoosha mkono: "Lete basi mafuta, Daktari wa Friji."

Mfukoni nilikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando. Nikampa. Alijaribu kukifungua, kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Nikakichukua, nikamfungulia mimi mwenyewe. Akajipaka, vidole vikang'aa vizuri. Nikaandika "mikono sawa."

Ninataka msome hapo tena. Nilikuwa nimesoma usiku na mchana juu ya vidole kupoteza wepesi. Mtu ambaye hukata nywele za utosi bila kukwaruza ngozi alishindwa kufungua kikopo mbele ya macho yangu, nami nikamfungulia, kama mtu mwenye adabu.

Nusu saa baadaye tulitoka kupumzika. Tulikuwa na desturi tuliyoiita kuota lori. Malori ya kubebea mizigo yalisimama juani tangu asubuhi, bati lake likichoma, na mtu akitoka kwenye friza alibandika viganja juu yake, akavitoa upesi, akabandika tena. Ilikuwa raha ya ajabu. Kila mtu alifanya, akisema "ah" na kuruka nyuma, na tulishindana nani atakaa zaidi. Nilijua kutoka kwenye maandishi kwamba ngozi iliyokufa ganzi haiwekwi kwenye moto, kwa kuwa haijui kuungua. Lakini mikono yote ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeandika.

Okello aliegemea lori kwa ule mkono wa kulia, akaanza kunieleza habari za Al Wakrah. Mwenye duka alitaka amwone akinyoa kabla ya kuamua. Alieleza atakavyoanza, shingoni kwanza. Wengine waliruka, wakarudi, wakaruka. Yeye aliendelea kuzungumza. Nilimwona. Nilidhani anashinda.

Alipouondoa mkono alivitazama vidole kwa muda. Kisha akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona hapaumi?"

Sijawahi kuogopa swali kama lile. Ngozi ya vile vidole viwili ilikuwa imevimba, inang'aa, na sehemu moja imejikunja. Na alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri aelezwe mzaha.

Dereva wa kampuni alitupeleka Najma. Njiani niliushika mkono wake kwa kifundo, nisiguse vidole, na kwa mara ya kwanza niliuhisi. Ulikuwa baridi kama kuku wa kwenye boksi. Joto lile lote la nje, na mkono wa mtu uko baridi hivyo. Ningeugusa saa nne ningejua.

Sista Moraa aliutazama mara moja, akauliza vidole vilianza lini kutohisi. Okello akasema tangu asubuhi, kwenye nati, vilikuwa kama si vyake. Sista akauliza alimwambia nani.

"Daktari alinikagua," Okello akasema, akanionyesha kwa kidevu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomtaja shahidi wako.

Majeraha yalikuwa mawili, moja juu ya jingine: barafu kwanza, kisha moto. Sista alimtuma Okello hospitali na barua, na kabla Okello hajaondoka alinishika bega akasema jambo moja tu. Ngozi yetu ikiganda haiwi nyeupe wala nyekundu kama ya kwenye picha. Mara nyingi inafifia, inakuwa ya kijivu. Inafanana na kupauka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona kwenye vitabu vya chuoni. Alilijua kwa vidole vya wafanyakazi wa maghala.

Jioni ile supavaiza aliniita. Alikuwa na ile fomu mkononi na alifurahi nayo. Kwa maelezo yake, mikono ilikuwa sawa saa nne, imeandikwa na imetiwa sahihi, basi jeraha lilitokea kwenye mapumziko, kwa mtu kuchezea lori kinyume cha maonyo. Ripoti ingekwenda kwa mudiri, yaani meneja, Jumapili asubuhi, ofisi ikifunguliwa. Okello angeandikwa mzembe. Mzembe aliyejiumiza kwa kawaida hamalizi mkataba; hupewa tiketi ya kurudi kwao. Na huko Al Wakrah nani angempa kiti mtu aliyerudishwa? Supavaiza alinipongeza kwa fomu safi. Nilisema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Nikawa na siku ya Ijumaa nzima ya kuogopa. Nikisema nilikosea, nitaandikwa mimi. Huenda tiketi ingekuwa yangu. Nina wadogo zangu wawili waliokuwa shuleni kwa mshahara huu. Na chini ya hayo yote, niwaambie ukweli, kulikuwa na kitu kidogo cha aibu zaidi: sikutaka ile fomu iwe na doa. Mtu anaweza kupoteza kidole na mwenzake akahurumia karatasi. Nilikuwa mtu huyo kwa saa ishirini na nne.

Ijumaa hiyo saa tano asubuhi nilishuka ngazi za kambi, nikamkuta Okello ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Wateja walikuja, wakaona, wakampa pole, wakaondoka wakijishika nywele. Aliponiona aliinuka.

"Kaa. Nataka kujaribu mkono wa kushoto, na hawa wote wananiogopa."

Nilikaa. Alinifunga shuka kwa meno. Mashine ilipita juu ya sikio langu kama trekta lililokosa dereva, na vijana wa chumba cha pili wakakusanyika kutazama. Mmoja aliuliza kama hiyo ni mitindo ya Tororo. Okello alimwambia asogee, zamu yake inakuja. Walipochoka wakaenda. Akaendelea polepole, akipumua kwa nguvu karibu na shingo yangu, na baada ya muda akasema kwa sauti ya chini:

"Ulinifungulia kopo."

Sikuweza kugeuka, mashine ilikuwa kichwani. Nikasema ndiyo.

"Ulijua?"

"Sikujua, Okello. Nilidhani umepauka."

Mashine ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Basi andika kwamba hukujua," alisema. "Ningeandika mimi, lakini unauona mkono."

Jumapili kabla ya basi la kwanza kufika ghalani nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya supavaiza, nikiwa na kichwa kilichonyolewa kama shamba lililoliwa na nzige. Aliniangalia kichwani, akaamua kutouliza. Nilimwomba fomu ya Alhamisi. Nikatoa kalamu. Nikakata neno "sawa" kwa mstari mmoja, likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika: vidole viwili vya kijivu, hakuweza kufungua kopo, mkaguzi alidhani ni ukavu wa ngozi, hakugusa. Nikaweka saa na sahihi.

Supavaiza alisoma. Kisha, kwa Kiingereza chetu cha ghalani, aliniuliza kama naelewa kwamba jina lililo hapo ni langu. Nikasema naelewa. Akashangaa kwamba mtu ambaye hajawahi kukosea ameamua kukosea leo. Nikamwambia ninakosea kila siku, ila huwa nanakili upya. Akauchukua ukurasa, akaingia kwa mudiri.

Nilisubiri kwenye benchi hadi saa tano. Sijui niliomba mara ngapi. Alipotoka alisema ripoti imeandikwa jeraha la baridi kazini, na mimi nimeondolewa kwenye ukaguzi, nirudi kwenye paleti. Sikupewa tiketi. Okello naye hakupewa. Nilirudi kwenye friza, nikakibonyeza kile kitufe cha kijani. Nilipomaliza mara ya tatu nilikumbuka kwamba leo hakuna wa kuhesabu.

Kidole cha kati cha Okello kilipona. Cha pete kilikatwa kwenye kiungo cha mwisho, karibu na kucha.

Baadaye, kwa msaada wa Sista Moraa, nilimwandikia barua daktari mmoja aliyewahi kukaa majira ya baridi kwenye kituo cha barafu, ambaye anwani yake ilikuwa chini ya makala niliyoikariri. Nilimweleza juu ya kijivu, na tukamtumia picha za mkono wa Okello, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye alisisitiza kwanza asafishe kucha. Daktari alijibu kwamba huko kwao pia picha zote za kufundishia ni za mikono myeupe, na kwamba kwa miaka yote hakuwahi kujiuliza. Aliomba picha zaidi. Nilisoma jibu lile mara nyingi. Nilikuwa nimedhani wao wanajua kila kitu na mimi nimeshindwa kukariri. Kumbe kuna mambo ambayo hawangeweza kuyajua mpaka mmoja wetu aharibu kazi kisha aseme.

Miezi miwili baadaye nilirudishiwa ukaguzi, kwa masharti niliyoyaandika mwenyewe. Bado naogopa. Hata hapa zahanatini hufungua kabati la mafaili mara tatu. Okello yuko Al Wakrah, kwenye kiti kinachozunguka. Mwenye duka alimwona akinyoa, akauona mkono, akamwuliza kidole kilienda wapi. Okello akamwambia kimebaki kwenye friza, kinahesabu njegere. Huninyoa kila baada ya wiki tatu, shingoni kwanza, na hajawahi kunikwaruza.

Mabadiliko ni haya. Katika ghala lile hatukagui tena kwa macho. Mkaguzi anavua glavu, anagusa kila kidole kwa mgongo wa mkono wake, na ncha yenye rangi ya jivu huhesabiwa kuwa imeganda hadi ithibitike vinginevyo. Kwenye chumba cha kuvalia kuna beseni la maji ya vuguvugu na hakuna anayeota lori. Mafuta ya kujipaka yapo, mezani, kwenye kopo lililofungwa, na fomu haiandikwi "sawa" mpaka mtu amelifungua mwenyewe.